Broila wa 8,000, chotara wa 16,000, jogoo wa Singida wa 25,000: nimewapima, nimewapika, nimewauza

Ninauza supu ya kuku Tabata, asubuhi tu, kuanzia saa kumi na mbili mpaka iishe. Kila siku yupo mteja atakayefunua sufuria, anuse, kisha aulize: "Mama, huyu kienyeji kweli au unatuzuga?" Na yupo mwingine, mara nyingi kijana wa bodaboda, ambaye habari za kienyeji hazimhusu. Yeye anataka kipande kikubwa kwa 3,000, basi, na foleni isiwe ndefu. Nimeamua kuandika tathmini ya kuku wa aina tatu ninaowanunua kwa bei za jijini hapa, maana nimechoka kusikia watu wakibishana juu ya kuku ambao hawajawahi kuwaweka kwenye mizani.

Nijitambulishe ili mjue pa kunikatalia. Mimi ni Mnyiramba, nimekulia Iramba mkoani Singida, huko wanakotoka kuku wengi wanaoliwa Dar kwa jina la kienyeji. Upendeleo ninao na siufichi. Hakuna muuzaji aliyenipa kuku wa bure, na hakuna nitakayemtaja jina.

Niliwanunua wote watatu wakiwa hai. Mwenye bucha jirani akanipimia, kijana yule yule akawachinja na kuwanyonyoa kwa 500 kila mmoja, kisha nikawapima tena wakiwa hawana utumbo, kichwa wala miguu.

Broila nilimchukua kwa kijana anayefuga Kinyerezi, 8,000. Hai alikuwa na kilo 1.7, na zilizoingia sufuriani ni kilo 1.2. Ukiongeza ile 500 ya kunyonyoa, kilo ya nyama imenigharimu kama 7,100. Chotara, yaani kuku wa mbegu iliyochanganywa, jogoo mwekundu mwenye mapaja ya kiaskari, 16,000 kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kibaha: kilo 2.3 hai, kilo 1.6 kwenye sufuria, yaani 10,300 kwa kilo. Jogoo wa Singida nilimnunua sokoni. Muuzaji alianzia 32,000, akaapa, akaapia na watoto wake, tukamalizana 25,000. Hai alikuwa kilo 1.6. Alipokwisha kunyonyolewa na kupasuliwa ikabaki kilo 1.05. Kilo ya nyama yake ni 24,300.

Watu hulinganisha kuku kwa kuku, 8,000 na 25,000, wakasema kienyeji ni mara tatu. Kwa nyama anapita mara tatu, anakaribia tatu na nusu, kwa sababu jogoo aliyetembea maisha yake yote ana kifua kilichochongoka kama mkuku wa jahazi, na unachonunua ni mguu, mfupa na mshipa.

Halafu kuna gharama ambayo sijamsikia mtu akiitaja: mkaa. Broila ameiva kwa nusu saa, na ukimsahau kidogo anaachia mifupa yote unabaki na uji. Chotara alitaka saa moja na kidogo. Jogoo wa Singida nilimwinjika saa tisa usiku, na saa kumi na moja na nusu paja lake lilikuwa bado linabishana na uma. Kwa bei ya kopo la mkaa mtaani kwangu, broila amekula mkaa wa 700, chotara 1,400, jogoo 2,000. Anayepikia gesi apige hesabu zake, sidhani kama atafurahi.

Ladha sasa. Supu ya broila ni maji meupe yenye mafuta yanayoelea; utamu wote umeuleta wewe kwa tangawizi, kitunguu swaumu, pilipili manga na ndimu. Hainiudhi, ina kazi yake, lakini ukiipika kwa chumvi peke yake utaona haya kumkaribisha mgeni. Supu ya jogoo niliiwekea chumvi, tangawizi na ndimu ya mwisho tu. Rangi yake ya dhahabu, na niliyoiacha kwenye bakuli ikapoa ikaganda yenyewe. Chotara yuko katikati, ila amesogea upande wa kienyeji kuliko nilivyotegemea. Kasoro yake ni tabaka la mafuta chini ya ngozi ambalo inabidi ulikate kabla, la sivyo supu inakuwa nzito. Lakini msije mkadhani natukuza kienyeji kwa kila kitu. Kwa kuchoma juu ya mkaa, au kwa chipsi kuku ya usiku, broila hana mpinzani. Ana maji, analainika, anashika viungo. Atakayekuuzia kienyeji wa kuchoma bila kumchemsha kwanza anakutafutia daktari wa meno.

Hayo ni ya mdomoni. Yanayonisumbua zaidi ni namna kila mmoja alivyoishi kabla ya kufika kwangu.

Kijana wa Kinyerezi hakunificha kitu, alinifungulia banda nikaingia. Unachokutana nacho kwanza ni hewa. Maranda yakilowa kinyesi yanatoa amonia, macho yanawasha, na wewe umeingia kwa dakika chache tu. Wao wamelala humo. Kipimo ambacho mabwana mifugo wanafundisha ni kuku 10 kwa mita moja ya mraba, na kwa joto la pwani hata pungufu. Yeye ana 300, na kwa ukubwa wa banda lake ni kama 14 kwa mita. Nilipomwambia akacheka: "Mama, nikiweka kumi kwa mita, hao themanini waliobaki niwalaze kitandani kwangu?"

Kuku wa wiki tano hawakimbii ukiingia. Wanainuka, wanapiga hatua mbili tatu, wanakaa tena. Mbegu hizi, kama Ross na Cobb, zimechaguliwa kizazi baada ya kizazi zitoe kifua kikubwa haraka. Nyama inakua upesi kuliko miguu inayoibeba. Waliokaa sana kwenye maranda mabichi wana ngozi ya kifua iliyochubuka na nyayo zilizoungua. Na jambo lililonishika kuliko yote ni sauti. Kuku mwenye karibu kilo mbili, mwenye umbo la kuku wa sikukuu, analia "pii, pii", kwa sababu umri wake ni wa kifaranga. Kule kwetu kuku wa wiki tano bado anaingia chini ya mbawa za mama yake.

Ila kabla hamjamshukia kijana, pigeni naye hesabu. Kifaranga wa siku moja kamnunua 1,800. Mfuko wa chakula wa kilo 50 kaununua 72,000, na broila mmoja anakula kama kilo tatu mpaka auzike, yaani 4,320. Chanjo za magonjwa ya kideri na Gumboro, maranda, mkaa wa kuwapasha joto wiki za mwanzo, maji na umeme, weka 600. Jumla 6,720. Mwenye chipsi anayechukua mia kwa mpigo anamlipa 7,200. Kila kuku anamwachia 480. Joto la Februari likimuulia 20 wakiwa wameshakula, faida ya hao 280 waliobaki imezikwa nao. Ukimwambia apunguze kuku bandani unamwambia afanye kazi bure, na mteja wangu wa 3,000 ndiye anayemwambia hivyo kila siku bila kufungua mdomo.

Na bei ya kifaranga haiko mikononi mwake. Tanzania ilizuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje tangu 2006, wakati wa hofu ya mafua ya ndege, na zuio hilo limechukuliwa kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walichomwa moto Namanga. Wakenya walipiga kelele sana, na upande huu pia wapo waliosema wangeweza kurudishwa. Mimi nakumbuka tu kwamba watu wale wale waliolia juu ya vifaranga wale walikuwa wanakula broila jioni hiyo hiyo bila kuuliza kalelewa wapi.

Nimalizane na uvumi mmoja. Wateja wangu wanasema broila anachomwa homoni ndiyo maana anakua upesi. Hapana. Homoni ya kukuza ni protini. Ukimlisha kuku inasagwa tumboni kama dagaa, na kumchoma sindano kuku mmoja mmoja kila siku kwenye banda la 300 hakuna mwenye nafasi hiyo kwa faida ya 480. Kinachomkuza ni mbegu na chakula. Dawa ninayoiogopa mimi iko kwenye pakiti ndogo inayouzwa duka lolote la pembejeo bila cheti: antibiotiki. Kuku akikohoa wanatiwa OTC (oksitetrasaiklini) kwenye maji, wakizubaa wanatiwa nyingine yenye nguvu zaidi, na pakiti imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Nani anazisubiri, wakati kuku wa wiki tano akingojea wiki moja zaidi anakula faida yote? Huyu wa Kinyerezi alinionyesha daftari lake la dawa, na ndiyo sababu nanunua kwake. Muulize wako kama ana daftari. Akikuuliza "daftari la nini?", umeshajibiwa.

Sasa twende nyumbani.

Shangazi yangu anaishi kijiji cha nje ya Kiomboi na hajawahi kujiita mfugaji wa kuku. Anao tu. Asubuhi anafungua kibanda, anawatupia konzi ya uwele au pumba, wanatawanyika. Wanachakura, wanaoga vumbi, wanapigana, wanalala juu ya mti kama wamechelewa mlango. Jogoo anafikisha kilo moja na nusu kwa miezi minane au zaidi. Ukitaka kuona kuku anayeishi kama kuku, ni huyo.

Lakini maisha hayo nayo yana upande wake, na mijini tunausahau kwa sababu picha ya kuku chini ya mwembe inapendeza. Mtetea akiangua kumi, shangazi akibaki na wanne anashukuru. Mwewe anachukua wake, kicheche wake, mvua ya kwanza inachukua wa kwake. Halafu kinakuja kideri, hasa miezi ya kiangazi kabla ya mvua, na kikipita kijijini watu wanaamka na kibanda kitupu. Chanjo ipo. Ile ya I-2 inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, haihitaji baridi kali kama nyingine, unadondosha tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Tatizo ni la kipuuzi kabisa: kichupa kimoja kinatosha kuku wengi mno kuliko wa kaya moja, kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo mpaka majirani wakubaliane siku moja. Shangazi anasema kukubaliana ni kugumu kuliko kideri.

Jogoo wa ukubwa ule shangazi anamuuza 12,000. Mchuuzi wa pikipiki anapita, anawafunga miguu, anawaning'iniza vichwa chini kwenye usukani na pembeni, mpaka mnadani au Singida mjini, ambako anauza kama 14,500. Mfanyabiashara mkubwa anakata kibali cha kusafirisha, analipa ushuru wa halmashauri, analipia matenga kwenye basi au lori, anahesabu na watakaokufa, anauza jumla Dar 19,000. Mimi nimelipa 25,000. Kwa hiyo chini kidogo ya nusu ya hela yangu imefika kwa aliyemlea. Sisemi waliobaki ni wezi. Barabara ya karibu kilomita 700 haitembei bure. Nasema tu kwamba anayelipa 25,000 akijiona amelipia kuku aliyeishi vizuri ajue kwamba sehemu kubwa imelipia safari, na safari yenyewe ndiyo aibu.

Nimeyaona matenga yakishushwa alfajiri. Wameshindiliwa mmoja juu ya mwingine, usiku mzima na mchana uliopita, bila maji, juu ya paa lenye upepo wa baridi Dodoma na jua la Morogoro. Wa chini wamekufa. Wa kati wanahema midomo wazi. Vijana wanawatoa kwa kuvuta bawa lolote wanaloshika. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na imegusa mpaka namna ya kusafirisha, lakini sijawahi kumwona mtu sokoni akiuliza tenga hili limebeba wangapi. Na wale waliokufa? Siwezi kusema juu ya soko zima. Naweza kusema kwamba sinunui kuku aliyekwisha kunyonyolewa kwa mtu nisiyemjua, nafuu iweje, kwa sababu kibudu akishatiwa maji ya moto na kuoshwa hana alama utakayoiona kirahisi. Kwa Mwislamu ni haramu, na kwa asiye Mwislamu ni uchafu. Mimi kuku wangu anachinjwa nikiwa nimesimama.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya broila na jogoo wa Singida nani ameteseka zaidi, naomba muda. Broila amekaa vibaya wiki tano, kisha akapanda guta dakika arobaini kutoka Kinyerezi. Jogoo amekaa vizuri miezi minane, halafu siku mbili za mwisho wake zikawa za kinyama. Mimi bado namchagua jogoo, maana miezi minane ni mingi. Lakini nakataa kusikia mtu akisema kienyeji hana dhambi.

Na hiyo ni kama ni kienyeji. Hapa kuna wizi wa wazi, na wanaouzalisha tumo sisi wenye sufuria. Sikilizeni hesabu ya biashara yangu. Broila anatoa vipande sita vya 3,000, yaani 18,000. Toa kuku na kunyonyoa 8,500, mkaa 700, viungo 1,500, nabaki na 7,300. Jogoo wa Singida anatoa vipande sita vidogo vya 6,000, yaani 36,000. Toa 25,500, mkaa 2,000, viungo 1,500, nabaki na 7,000. Faida ni ile ile, usingizi pungufu. Chotara sasa: vipande vinane. Nikiviuza kwa jina la kienyeji kwa 6,000 ni 48,000. Toa 16,500, mkaa 1,400 na viungo 1,500, nabaki na 28,600. Mara nne! Mnashangaa nini basi mkila "kienyeji" hotelini mkakuta paja kubwa laini?

Mwingine anayevishwa jina hilo ni kuku wa mayai aliyestaafu. Mwenye shamba akimaliza naye baada ya mwaka na nusu hivi anamuuza kwa bei ya kumwondoa bandani, na mjini anageuka mtetea wa Dodoma. Huyu mtazame mdomo: wengi wamekatwa ncha ya mdomo wakiwa vifaranga ili wasidonoane, na kuku wa kijijini hakatwi mdomo na mtu. Mtazame rangi pia. Ukikuta tenga zima ni kahawia wa aina moja, umeona ukoo wa kiwandani. Kuku wa kwetu hawafanani: mweusi, wa madoadoa, kishingo, mwenye manyoya yaliyojikunja, mmoja ana kilemba. Kucha zimelika kwa kuchakura, magamba ya miguu ni magumu, jogoo ana miiba. Na ukimshika anakupiga. Aliyepoa mkononi kama mto, mrudishe.

Chotara wa Kibaha nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenibadilishia biashara. Mwalimu yule, mama mtu mzima, anafuga Sasso na wakati mwingine Kuroiler. Ya kwanza mbegu ya Kifaransa, ya pili ya Kihindi, zote ziko Tanzania miaka kadhaa sasa na wafugaji wadogo wanazipenda kwa sababu zinavumilia maisha ya uani. Ananunua vifaranga wa mwezi mmoja waliokwisha chanjwa. Usiku wako bandani, mchana anawaachia chini ya mikorosho ndani ya uzio wa wavu. Anawachanganyia pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na soya, na majani ya mpapai kila yakipatikana. Kwa miezi mitatu na nusu wanafika kilo mbili na zaidi. Nilimkuta akiwaita kwa kugonga sufuria, wakaja mbio. Mbio kweli, na hilo broila hawezi.

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia, "mbona bei yako haishuki?"

"Marahaba mwanangu. Nikishusha, itabidi nifunge mlango wa banda."

Hakuendelea kunieleza, na baada ya Kinyerezi sikuhitaji.

Kasoro zake nazijua. Anauza kwa mikupuo. Kundi likiisha unangoja lingine mwezi na zaidi. Kuku hawa wanakula kupita kiasi. Matetea wake hawatamii ipasavyo, kwa hiyo kila kundi ni lazima arudi dukani kununua vifaranga, wakati mtetea wa shangazi yangu anajizalisha mwenyewe bila kumuomba mtu senti. Kwa mama wa kijijini asiye na mtaji hilo si jambo dogo. Na ladha, kwa mtu aliyekulia Iramba, inafika karibu halafu inasimama. Lakini anatoka Kibaha asubuhi kwenye kreti la plastiki lenye matundu, nane kwa kreti, na saa mbili asubuhi yuko kwangu amesimama kwa miguu yake.

Nilipoanza kumuuza nikaandika ubaoni "CHOTARA 4,500". Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mzee mmoja dereva wa lori, mteja wangu wa zamani, alikula, akasifu, akasoma ubao, akakunja uso. "Mama, ungeniandikia kienyeji tu, nikadanganyika kwa raha zangu." Nikamwambia kienyeji ni 6,000. Akasema hiyo sawa, angelipa. Kwa hiyo wapo watu wanaotaka kulipa zaidi kwa neno lenyewe kuliko kwa nyama, na biashara nzima ya mjini imejengwa juu yao.

Kwa anayenunua kwa ajili ya nyumbani, ushauri wangu ni huu. Kama mna watoto wengi na hela ya wiki ni ya kuhesabu, nunua broila na usijione mnyonge, ila mnunue hai, kwa mfugaji unayeweza kumtembelea, na umuulize dawa ya mwisho aliwapa lini. Kama unaweza kula kuku mara moja badala ya mara mbili kwa wiki, chukua chotara aliyefugwa karibu. Kwa bei ya nyama, kwa sufuria na kwa dhamiri sijapata bora kuliko yeye hapa Dar. Jogoo wa Singida mwache awe wa mgeni, wa mzazi aliyetoka kujifungua, wa sikukuu. Na ukiwa na ndugu huko bara anayesafiri kuja mjini, mwombe akuletee wawili kwenye kikapu chenye nafasi, umlipe yeye ile 25,000 nzima. Shangazi yangu amefanya hivyo Krismasi iliyopita na kuku walishuka stendi ya Magufuli wakiwika, kondakta akiwa amekasirika.

Ubao wangu kwa sasa unasomeka hivi: broila 3,000, chotara 4,500, kienyeji 6,000 Jumamosi na Jumapili, kwa oda ya kabla ya Alhamisi. Chapati 500. Mwalimu akiwa hana kundi, sehemu ya chotara nakata mstari kwa chaki. Anayetaka kuona kuku akiwa hai kabla hajachinjwa aje saa nane usiku, chai nitampa.